Namna ya Kucheza Kisa cha Dungeons & Dragons na Kukiandikia Uhakiki wa Kuaminika

Wengi wanaoniletea tahakiki zao za visa vya Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani ambao wachezaji huigiza wahusika na dadu huamua matokeo, wanakwama mahali pale pale. Aya nne za mwanzo zinasimulia hadithi nzima, ya tano inalaumu dadu, ya sita inatoa nyota nne kati ya tano. Msomaji aliyetaka kujua kama anunue kisa hicho au akiache anaondoka mikono mitupu.

Nadhani chanzo ni darasani. Tulifundishwa kuhakiki riwaya na tamthilia: dhamira, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Kisa cha kuchezwa mezani si riwaya. Ni karatasi za kazi ambazo mtu mmoja anazitumia kuendesha jioni ya watu wanne au watano, na wahusika wake wakuu hawamo humo, wanakuja na wachezaji. Kwa hiyo usiulize kama hadithi ni nzuri. Uliza karatasi zilimsaidia mwendeshaji kiasi gani, na wachezaji walipewa nafasi ya kuamua nini.

Mwongozo huu unafuata kanuni za toleo la tano kama zilivyotoka 2014. Mifano mingi nimeichukua Lost Mine of Phandelver, kisa kilichomo kwenye boksi la wanaoanza la mwaka huohuo, kwa kuwa wengi wenu mmeshakigusa. Nafichua sehemu ya mwanzo tu. Kama unatarajia kukicheza ukiwa mchezaji, ruka mifano hiyo.

## Mahitaji

Kisa chenyewe, kizima, ulichokipata kihalali. Vipo vingi vya bure na vingi ambavyo mnunuzi hujipangia bei. Nakala ya wizi mara nyingi imekatwa kurasa au ramani, na utamlaumu mwandishi kwa kosa la aliyeskani.

Kanuni. Huna haja ya kununua vitabu vitatu vikubwa ndipo uanze. Kanuni za msingi ziitwazo SRD 5.1 ziliwekwa chini ya leseni ya Creative Commons mwezi Januari 2023, na mtu yeyote anaweza kuzipakua bure.

Dadu. Seti ya kawaida ina saba: ya pande 4, 6, 8, 12 na 20, pamoja na mbili za pande 10, moja ikiwa ya makumi. Ukikosa, programu ya simu inatosha. Bando likiisha, andika namba 1 hadi 20 kwenye vikaratasi, vitie kikombeni, chomoa kimoja, kisha *kirudishe* kabla ya kuchomoa tena. Asiyerudisha anabadilisha uwezekano wa kila anayefuata.

Wahusika waliokwisha kutengenezwa. Kama kisa kimekuja nao, watumie hao. Boksi la 2014 lina watano: wapiganaji wawili, kuhani, mchawi na mjanja wa kufungua kufuli.

Daftari, saa, na kalamu za rangi mbili. Simu usiitegemee kwa kuandika. Ukiishika tu kuna ujumbe unaokusubiri.

Wachezaji watatu hadi watano wasiokijua kisa. Mmoja aliyewahi kukisoma anatosha kuharibu ushahidi wako wote, hata akiapa kunyamaza.

## Hatua ya 1: Chagua kisa utakachokimaliza

Anza na kisa cha kikao kimoja au viwili. Mashindano ya One Page Dungeon, yaliyoanza 2009, yamezaa visa vingi vya pangoni vya ukurasa mmoja ambavyo havilipiwi chochote. Ukurasa mmoja ni shule nzuri kwa mhakiki, kwa sababu hauna mahali pa kuficha udhaifu.

Sababu ya kuanza na kifupi ni ya kawaida kabisa: makundi huvunjika. Mmoja anahamishwa kazi, mwingine anaanza mitihani, na kisa cha kurasa 64 kinachompeleka mhusika kutoka kiwango cha 1 hadi cha 5 kinabaki kwenye pango la kwanza.

Tahadhari: ukihakiki sehemu, sema hivyo katika sentensi ya kwanza. "Nimeendesha sura ya kwanza tu" ni maneno ya heshima. Kunyamaza ni kumdanganya msomaji.

## Hatua ya 2: Soma mara mbili, kisha bashiri

Mara ya kwanza soma kwa kasi, bila kalamu, kama msomaji tu. Mara ya pili shika kalamu ya bluu na nyekundu.

Bluu ni kwa vitu utakavyovihitaji ukiwa mezani: nani yumo chumbani, anataka nini, milango iko wapi, hazina iko wapi. Nyekundu ni kwa unayoyahofia: dalili iliyofichwa mahali pamoja tu, jina lisiloelezwa, chumba kinachosema "tazama ukurasa wa 41" huku wewe uko wa 12.

Sasa angalia ukurasa wenyewe. Kama bluu imetawanyika katikati ya aya ndefu, umekwisha kugundua jambo la kuandika. Mwendeshaji akiwa na watu watano wanaomtazama hana dakika mbili za kutafuta kama goblini (adui mdogo wa kubuniwa) wa chumba cha tatu ana ufunguo. Taarifa hiyo ilipaswa kuwa juu, si kwenye sentensi ya tisa baada ya historia ya ukoo wa goblini.

Kisha fanya kile ambacho karibu kila mtu anakiruka: andika ubashiri wako na uutie tarehe. Wachezaji watakwama wapi? Pambano gani linaweza kuua? Chumba gani hawatakifika? Baada ya mchezo kila mtu hujiona alijua. Karatasi yenye tarehe haikubaliani naye.

Ubashiri wa mapambano ufanye kwa hesabu, siyo kwa hisia. Chukua shambulio la kwanza la Lost Mine of Phandelver. Wahusika wanasindikiza gari la mizigo kutoka Neverwinter kwenda Phandalin, wanakuta farasi wawili wamekufa njiani, na vichakani wamejificha goblini wanne. Kila goblini ana pointi 7 za uhai na namba ya kinga 15, yaani jumla ambayo anayemshambulia lazima aifikie ili ampige. Akishambulia anaongeza 4 kwenye dadu ya pande 20, na akipiga anaumiza kwa dadu ya pande 6 na kuongeza 2.

Mchawi wa kiwango cha kwanza huwa na pointi kati ya 6 na 9 za uhai, na asipojikinga kwa uchawi kinga yake huwa kama 12. Goblini anahitaji 8 au zaidi kumpiga, yaani asilimia 65. Wastani wa madhara ni 5.5. Mishale miwili inatosha kumwangusha.

Lipo na la pili. Anayepata 20 kamili anarusha dadu za madhara mara mbili, na goblini wakishambulia mara nne katika raundi moja (zamu moja ya kila aliyemo kwenye pambano), uwezekano wa angalau mmoja kuipata ni asilimia 18.5. Ni karibu raundi moja katika kila tano. Liandike hilo kwenye ubashiri, tutalirudia.

### Lugha ya mezani

Visa karibu vyote vimeandikwa kwa Kiingereza, na wengi wetu tunavicheza kwa Kiswahili, au kwa mchanganyiko unaobadilika kadiri jioni inavyosonga. Tafsiri ya papo kwa papo humeza dalili. Kisanduku cha maneno ya kusomwa kwa sauti kikisema kwamba vumbi la sakafu halina alama *isipokuwa* mbele ya sanamu, na wewe ukatafsiri "sakafu ina vumbi", umefuta mlango wa siri.

Kwa hiyo tafsiri visanduku vyote nyumbani, uviandike. Ukikuta fumbo linalotegemea vina au herufi za Kiingereza, litie nyekundu kubwa: haliwezi kuchezwa kwa Kiswahili bila kubuniwa upya, na msomaji wako anastahili kujua. Usikimbilie kulibadilisha kwa kitendawili cha utotoni, lakini. Sanamu ya jiwe inatega kwa sauti nzito, "Nyumba yangu haina mlango," na meza nzima inajibu "Yai!" kabla hujamaliza kuvuta pumzi.

## Hatua ya 3: Fanya kikao sifuri

Hiki ni kikao kifupi kabla ya mchezo, nusu saa inatosha. Waambie wachezaji kwamba utahakiki kisa, kwamba utaandika wakati wa kucheza, na kwamba huhitaji wawe wapole kwa mwandishi wala kwako.

Kubalianeni mipaka: mambo gani hayataingia mezani kabisa, na yapi yatapita bila kuelezwa kwa kina. Wekeni katikati kadi yenye herufi X, njia iliyobuniwa na John Stavropoulos. Yeyote akiigusa, tukio linaachwa na hakuna anayeulizwa sababu. Ikiguswa, andika ni ukurasa gani ulioleta tukio hilo, bila kumtaja aliyeigusa. Kisa chenye mateso ya watoto kisichotoa onyo mwanzoni kina kasoro ya wazi, hata kama wewe halikukusumbua.

## Hatua ya 4: Endesha kilichoandikwa

Hapa ndipo waendeshaji wazuri wanapoharibu tahakiki zao. Umeona chumba kinachosha, ukakiruka. Umeona adui dhaifu, ukamwongezea uhai. Mchezo ukawa mtamu, nawe ukaandika kwamba kisa ni kitamu. Ulichokihakiki ni kipaji chako.

Sikwambii uendeshe kama roboti. Wachezaji wakienda mahali ambapo karatasi haikutarajia, lazima ubuni; hiyo ndiyo raha ya mchezo huu. Lakini kila unapotoka nje ya karatasi, andika herufi B pembeni, yaani *nimebuni*, na neno moja la sababu: "hakuna jina", "wamekwama", "haina mantiki".

Zihesabu mwishoni. B nyingi zenye sababu "wachezaji wamenishangaza" ni dalili njema, kwa kuwa kisa kimewapa uhuru. B nyingi zenye sababu "karatasi haisemi" ni shimo ambalo mnunuzi atalilipia.

Jaribu kwenye pango la goblini la kisa kile kile. Wachezaji wanaweza kuingia kwa kufuata kijito, au kupita kwenye tundu la mbwamwitu na kukwea ufa wa mwamba hadi chumba cha mkubwa wao, Klarg. Ndani yupo pia Yeemik, msaidizi anayemshikilia mateka na anayetaka Klarg auawe ili yeye ashike nafasi yake. Mwendeshaji hapo anabuni maneno, habuni mpango: njia mbili na mtu wa kupatana naye tayari vimo. Ndiyo maana makundi mawili yakicheza pango hilo hutoka na simulizi mbili tofauti.

Tahadhari: usifiche dadu unapohakiki. Zirushe wazi. Mwendeshaji anayezificha hushawishika kuziokoa roho za watu, na pambano linaloua litaonekana la upole.

Utajua umefaulu pale utakapoweza kuoneshea kidole tukio lolote la jioni na kusema: hili lilitoka ukurasa wa 8, lile lilitoka kwangu.

## Hatua ya 5: Weka kumbukumbu fupi

Usijaribu kuandika kila kitu. Andika saa, mahali, na kilichotokea, kwa maneno yasiyozidi kumi. Mfano wa kubuni:

> 2:10 – kuvizia njiani. Mchawi chini raundi ya 1 (20 kamili).
> 2:45 – pambano limeisha. Goblini wa mwisho amekimbia.
> 2:50 – njia ya msituni: wameiona wenyewe.
> 3:15 – mlango wa pango. Wanabishana. KIMYA.

Neno KIMYA ndilo ninalolitafuta kuliko yote. Kipo kimya cha watu wanaofikiri, wameinamia ramani, mmoja ananong'ona. Na kipo cha watu wasiojua la kufanya, wanakutazama wewe usoni. Cha kwanza kisifie. Cha pili kitafutie ukurasa wake.

Muda nao unasema. Kama kisanduku cha kusomwa kwa sauti kinachukua dakika tatu, tazama mikono: wangapi wamegusa simu kabla hujamaliza? Pambano lililokula saa nzima, na robo saa ya mwisho ilikuwa kummaliza adui asiye na hatari tena, limeandikwa vibaya hata kama mwanzo wake ulikuwa moto. Ndiyo maana napenda pale Lost Mine of Phandelver inapoeleza kwamba goblini watatu wakishashindwa, wa nne anajaribu kutoroka. Mstari mmoja, na pambano lina mwisho.

Kuhusu ramani: wengi tunaichapisha steshenari, nyeusi na nyeupe, kwenye karatasi ya A4. Maji na sakafu vikifanana baada ya hapo, au namba za vyumba zikipotea kwenye kijivu, liandike. Wasomaji wako watachapisha hivyo hivyo.

## Hatua ya 6: Uliza kabla hawajatawanyika

Chai ikimiminwa, uliza maswali haya, na usijitetee:

1. Ni uamuzi gani mliofanya ambao ulibadilisha kitu?
2. Ni wapi hamkujua la kufanya?
3. Mnadhani adui alikuwa anataka nini?
4. Ni chumba gani mngependa kurudi?

Usiulize "mmependa?" Watasema ndiyo. Ni rafiki zako na wamekula sambusa zako.

Swali la tatu ni kali kuliko linavyoonekana. Kisa kinaweza kuwa na kurasa sita za siri za mfalme wa giza, halafu wachezaji wakajibu, "Alikuwa anatukalia tu njiani." Siri isiyowafikia wachezaji ni siri ya mwandishi na mwendeshaji peke yao. Kwenye uhakiki haina uzito.

Andika majibu kwa maneno yao. Wasipoweza kutaja uamuzi hata mmoja kwa swali la kwanza, hilo laweza kuwa jambo zito kuliko yote utakayoyaandika.

## Hatua ya 7: Tenganisha karatasi, mwendeshaji na dadu

Hii ndiyo hatua inayowashinda wengi, na ndiyo inayogeuza simulizi kuwa uhakiki. Chukua kila jambo kubwa lililotokea, zuri au baya, uulize limetoka wapi kati ya hivi vitatu.

Rudi kwa mchawi wetu aliyeanguka raundi ya kwanza. Mhakiki mvivu ataandika: "Tulikuwa na bahati mbaya." Lakini ubashiri ulikwisha kutuambia kwamba 20 kamili hutokea karibu mara moja katika kila raundi tano za goblini wanne, na hata bila hiyo mishale miwili ya kawaida inatosha. Jambo linalotokea mara nyingi kiasi hicho haliitwi bahati. Limeandikwa kwenye karatasi. Andika: *pambano la kwanza ni la hatari kwa wahusika wa kiwango cha 1, tarajia mmoja kuanguka.*

Sasa endelea kidogo, maana haki inadai hivyo. Kisa kile kile kinaeleza la kufanya kundi zima likishindwa: goblini wanawaacha hai wakiwa wamezimia, wanapora mali na kurudi pangoni, na mchezo unaendelea. Mwandishi alijua hatari yake akaiwekea mlango wa kutokea. Pambano gumu lenye mlango wa namna hiyo ni kitu kimoja. Pambano gumu linalofunga kitabu saa mbili na nusu usiku ni kingine. Uhakiki usiotofautisha hayo mawili haujamsaidia mtu.

Mfano wa pili ni dalili iliyofungwa nyuma ya dadu moja. Karatasi inasema: mchezaji akipata 15 au zaidi, anaiona barua chini ya godoro. Mhusika anayeongeza 2 anahitaji 13, yaani asilimia 40. Mara sita katika kumi barua haionekani. Wote wanne wakiruhusiwa kujaribu, uwezekano wa angalau mmoja kufaulu unapanda hadi asilimia 87. Sasa uliza: barua isipoonekana, kisa kinaendelea? Kama ndiyo, hiyo ni zawadi kwa wenye bahati, haina ubaya. Kama hapana, mwandishi ameweka mlango mkuu wa hadithi mikononi mwa dadu, na kila mwendeshaji atalazimika kuiba barua hiyo na kuisogeza. Jambo la lazima linahitaji dalili tatu zilizo mahali tofauti. Nikikuta moja tu, naandika ukurasa.

Halafu mwendeshaji, ambaye ni wewe. Ulisahau kueleza daraja? Ulitafsiri vibaya? Kosa hilo lisiingie kwenye hukumu ya kisa, ila kama karatasi ilikusababisha: daraja limetajwa mara moja tu, na kwenye ramani halipo.

Kwenye daftari chora safu tatu: K (karatasi), M (mwendeshaji), D (dadu). Tukio lisiloeleweka liliko liweke kando. Hulazimiki kulitumia.

## Hatua ya 8: Andika, kwa mpangilio huu

Mstari wa ushahidi kwanza. Umecheza au umesoma tu? Wachezaji wangapi, kiwango gani, vikao vingapi, kanuni zipi, lugha gani. Mfano: "Nimekiendesha kwa wachezaji wanne wa kiwango cha 1, vikao viwili, mezani, kwa Kiswahili, wahusika waliokuja na boksi." Kuhakiki kwa kusoma tu kunaruhusiwa, ili mradi useme. Usiloruhusiwa ni kuandika "pambano hili linasisimua" ilhali halijawahi kurushiwa dadu.

Kisa kinahusu nini, bila kufichua. Sentensi tatu. Mwambie msomaji wahusika wanaombwa kufanya nini, mahali gani, kwa hatari ya namna gani. Ukishindwa kumaliza kwa sentensi tatu, umeanza kusimulia.

Hukumu mapema. Kinamfaa nani, hakimfai nani. Usimfiche mpaka mwisho msomaji mwenye bando dogo.

Ushahidi. Hapa ndipo pa kujaza: mambo matatu au manne kutoka safu ya K, kila moja na ukurasa wake, na kilichotokea mezani kwa sababu yake. Linganisha:

> *Hafifu:* Ramani ni nzuri na maadui wamebuniwa kwa ustadi.

> *Imara:* Pango lina njia mbili za kumfikia mkubwa wake. Wachezaji wangu walikwea ufa wa mwamba, wakaibuka chumbani mwake kabla hajajiandaa, na walizungumzia hilo mpaka kituo cha daladala.

Sentensi ya kwanza inaweza kubandikwa kwenye kisa chochote duniani. Ya pili haiwezi.

Ufichuzi uutenge. Chini ya kichwa kinachosema wazi *Kwa waendeshaji tu*, weka matokeo, siri, na marekebisho unayoyapendekeza. Usiweke picha za ramani nzima wala kunakili kurasa. Hiyo ni mali ya mtu, na mara nyingi ni mtu mmoja anayeuza kisa chake kwa dola mbili.

Marekebisho. Wasomaji waendeshaji huanzia hapa, usiwalaumu. Kuwa mahususi: "Ondoa goblini mmoja kama una wachezaji watatu", "ongeza dalili ya pili kwa mwenye nyumba ya wageni", "tafsiri kisanduku cha chumba cha 6 mapema".

Kuhusu nyota: mimi situmii. Nyota nne kwa kundi linalopenda kupigana zinaweza kuwa mbili kwa linalopenda kupatana, na namba haina pa kuliweka hilo. Ukilazimika kuzitumia, eleza kila nyota ina maana gani.

## Kama ulikuwa mchezaji, siyo mwendeshaji

Unaweza kuhakiki, lakini kwa dirisha dogo. Hukuona karatasi, kwa hiyo hujui B ziko wapi. Omba kisa baada ya mchezo kumalizika, na mwendeshaji akiridhia, kaeni pamoja mpitie kumbukumbu zako. Huwa kuna mshangao. Tukio ulilolipenda kuliko yote laweza kuwa yeye alilibuni baada ya kuona umechoka.

Usipopata karatasi, andika kuhusu meza: uhuru ulioupata, mahali ulipokwama, unachokikumbuka. Usihukumu mpangilio wa kitabu ambacho hukukishika.

## Kabla ya kuchapisha

Pitia rasimu ukiwa na kalamu nyekundu ile ile, ufute kila sentensi ambayo ungeweza kuiandika bila kucheza. Ikibaki nusu, usishtuke, ndiyo kawaida.

Hakiki majina na kurasa. Ukikosea namba ya chumba, mwandishi wa kisa atajibu kosa hilo tu na kuyaacha mengine yote.

Soma kwa sauti sehemu isiyo na ufichuzi mbele ya mtu asiyekijua kisa, umuulize adui mkuu ni nani. Akijua, rudi ukafute.

Ukikiendesha tena na kundi jingine, ongeza aya chini yenye tarehe na mstari wake wa ushahidi, na ya kwanza uiache ilivyo. Kundi la pili likipita tundu la mbwamwitu bila kuumwa wakati la kwanza lilirudishwa mbio, msomaji anazihitaji jioni zote mbili.